Ngozi ya Benki

Benki ya Mlima na Bonde,
Tunduma,
14 Juni 1997

Kwa Mzee Mabula, Msangano
Kwa mkono wa Rubeni wa lori

Mzee wangu,

Shikamoo. Nimefika Tunduma salama, ingawa vumbi la kwenu bado liko masikioni mwangu. Asante kwa maziwa mgando. Kusema kweli nilidhani lile bakuli ni la watu wote tuliokaa pale, kumbe langu peke yangu, na binti yako akasimama mlangoni kuhakikisha nimelimaliza. Kesho yake sikuhitaji chakula mpaka jioni.

Narudi kwenye neno lililonileta. Ulisema hujawahi kuona mtu mwenye akili akimkabidhi mali yake kijana wa suruali iliyopigwa pasi. Basi nikueleze benki hii ilikotoka, maana si ya watu wa mbali. Serikali ilipolegeza kamba, watu binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa na hata kufungua benki. Wakulima wa Itaka na kwetu Hasamba wakawa wanauza kahawa yao na kuficha fedha mitungini na darini, panya wakawa matajiri kuliko wenye nyumba. Mwenyekiti wetu, Bwana Ferdinand, ambaye naye ni mnunuzi wa kahawa, akawakusanya wakachangishana. Jengo letu zamani lilikuwa mashine ya kusaga. Upepo ukivuma unga bado unadondoka darini, na wateja wa asubuhi hutoka wamepata mvi.

Mlango ndio fahari yetu. Fundi mmoja wa ng'ambo ya mpaka, kule Nakonde kwa Wazambia, aliutengeneza kutokana na ubavu wa lori lililopinduka. Ni wa chuma, wa kijani, na juu yake tumeandika jina letu kwa rangi nyeupe. Mlima tunao tayari, wakulima wa kahawa wote ni wetu. Bonde bado. Wafugaji wanakutazama wewe, mzee. Ukija watakuja.

Wako mtiifu,
Nikodemo, Meneja


Msangano,
2 Julai 1997

Karani Nikodemo,

Marahaba. Huku watu hawajambo na ng'ombe hawajambo, nimewataja wote usije ukauliza. Anayesema ni mimi Mabula, anayeandika ni binti yangu Kabula, kwa sababu mimi na kalamu hatukuelewana tangu utotoni.

Umenisifia mlango. Mlango hauzai. Sasa nisikilize nikueleze benki yangu. Mimi ng'ombe wangu siwalazi zizi moja. Wengine wako hapa, wengine nimewaweka kwa rafiki zangu, mmoja yuko Kamsamba, mwingine yuko Chitete. Ugonjwa ukiingia hapa, wale wa kule wamepona. Na kuwekeana ng'ombe kuna masharti, tumetoka nayo Usukumani, hatukuyaacha njiani.

Maziwa ni ya mtunzaji, ndama ni wangu. Halafu, nina ruhusa ya kuja kumtazama ng'ombe wangu siku yoyote bila taarifa, nimshike nundu, niridhike. Na ng'ombe akifa, mtunzaji ananiletea ngozi. Hatumi mtu. Anaileta mwenyewe, ananitazama usoni. Nikishaiona ngozi, maneno yamekwisha, tunakunywa maji, na siku nyingine namwekea ng'ombe mwingine. Asiyeleta ngozi, huyo amekula. Mla ng'ombe wa mwenzie haozwi binti katika bonde hili, hata akija na gari.

Benki yako ikiyakubali hayo, nitapeleka madume mnadani nije.

Mabula

Mwandishi naongeza: Baba aliniambia niandike "karani mwembamba kama fimbo ya kuchungia." Nimeona si adabu, nimeruka. Yakubali masharti. Hakuna aliyebishana nayo akamaliza chai yake hapa.
Kabula


Tunduma,
20 Julai 1997

Mzee wangu Mabula,

Shikamoo. Nimeyasoma masharti yako mbele ya Bwana Ferdinand, naye akacheka mpaka akavua miwani. Anasema Tanzania nzima hakuna benki yenye mteja kama wewe. Mimi nayakubali yote. Maziwa tutakunywa sisi, yaani tutaikopesha fedha yako kwa wanunuzi wa kahawa tupate chochote. Ndama ni wako, ndiyo riba. Kutazama, njoo siku yoyote. Na ngozi, mzee wangu, Mungu apishe mbali, lakini ikibidi nitaibeba mimi mwenyewe hadi kwako. Naweka sahihi hapa chini na muhuri wa benki juu yake.

Nikodemo, Meneja

Kwa mwandishi (usisome kwa sauti): Una mwandiko mzuri kuliko makarani wangu. Na mimi si mwembamba kiasi hicho.


Msangano,
11 Machi 1998

Meneja Nikodemo,

Salamu zako nimezipata, nami nimezirudisha na nyongeza. Nimefika salama kutoka kwenu. Kabula ameniuliza habari za benki mpaka nimechoka. Nimemwambia hivi, na wewe usikie kama nimekosea.

Nilipoleta fedha zangu mwaka jana nilizifunga kwa ukanda wa ngozi ya dume langu jekundu, ili nizijue. Juzi nimekuja kuzitazama bila taarifa. Umeninywesha chai, umefungua sefu, umenitolea furushi, ukanda ule ule. Nimelishika, nimelipima kwa mkono, nimerudisha. Wenzako wa benki nyingine, nilisikia, mtu akiomba kutazama fedha yake wanamwita askari. Wewe umeniuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Nimewaambia wenzangu. Watakuja. Tayarisha sukari.

Mabula

Mwandishi naongeza: Mimi nimesoma hadi darasa la saba tu, lakini hesabu za mwalimu wetu zilinifundisha jambo. Kama fedha ya baba imekopeshwa kwa wanunuzi wa kahawa, lile furushi ni la nani?
Kabula


Tunduma,
8 Agosti 1999

Mzee wangu,

Shikamoo. Uliposema watakuja sikujua watakuja wote. Jumamosi, siku ya lori la Rubeni, wafugaji wanashuka na fimbo zao, wanajipanga kwenye benchi, kila mmoja anakunywa chai na kutazama fedha zake, kisha anarudi stendi ameridhika. Watoto wa hapa mjini wametuita Benki ya Kutazama. Wazambia wakivuka kuja kununua mchele wanasimama mlangoni kushangaa, wanasalimia "Mulishani," na wazee wenu wanaitikia "Mwangaluka," kila mtu anafurahi na hakuna aliyeelewa.

Kahawa ina bei, tumepaka rangi upya, tumeongeza chumba. Unga darini umekwisha, au sisi tumezoea. Bwana Ferdinand anasema miaka miwili mingine tutafungua tawi Msangano kwenyewe. Mlima na bonde vimekutana, mzee, na wewe ndiye uliyevikutanisha.

Nikodemo

Kwa mwandishi (usisome kwa sauti): Umenikamata. Fedha haina nundu, Kabula, zote zinafanana, na za baba yako ziko mlimani zimegeuka kahawa. Ukanda nimeuhifadhi, nimeufunga kwenye furushi moja, na hilo moja ndilo wanaloonyeshwa wote, mmoja mmoja. Si wizi, fedha zao zipo kwenye vitabu. Lakini wakinishukuru naona haya. Usinicheke. Na ukinicheka, niandikie umecheka vipi.


Msangano,
30 Septemba 2000

Meneja,

Rubeni amefika. Tulidhani kaleta barua, kumbe safari hii kaja amevaa koti, akakaa kwenye kigoda, akakohoa kama mtu aliyekabwa na maneno. Mwishowe akasema ametumwa na wewe kuja kuposa. Nikamwuliza, kuposa nani? Akasema, mwandishi.

Nimeduwaa, lakini sikukasirika. Sasa sikiliza. Bugalama, wa ng'ambo ya mto, naye amemleta mshenga kwa ajili ya mwanawe, na ameahidi ng'ombe wanaojaza uwanja. Wewe huna hata mbuzi. Nimemwuliza Rubeni mali yako ni nini, akasema mali yako ni benki. Benki si yako, ni yetu. Wewe ni mtunzaji.

Basi jibu langu ni hili. Binti ni zaidi ya ng'ombe. Simkabidhi kwa mtu ambaye sijauona mwisho wa utunzaji wake. Bugalama nimemwambia angoje, nawe nakwambia ngoja. Mimi bado natazama.

Mabula

Mwandishi naongeza: Baba amenilazimisha niandike yote haya kwa mkono wangu mwenyewe, na machozi yamenitoka kwa kucheka na kwa aibu pamoja. Maharusi wengine huambiwa na mashangazi, mimi nimejiandikia posa. Mwana wa Bugalama akila husikika mpaka zizini. Itunze hiyo benki.
Kabula wako


Tunduma,
17 Mei 2001

Mzee wangu,

Shikamoo. Sina maneno mengi, ni kukujulisha kwamba benki ni nzima na sisi wazima. Mvua za huku zimekuwa nzuri. Bei ya kahawa imetulia kidogo, lakini mambo ya bei ni ya kupanda na kushuka. Wasalimie wote.

Nikodemo


Msangano,
12 Novemba 2001

Nikodemo,

Barua hii ni yangu peke yangu. Baba hajui, nimemwambia naandika ya kwaya.

Barua yako ya Mei ilikuwa fupi, na chini yake palikuwa patupu. Nilimsomea baba, akaniomba niisome tena, kisha akasema, "Huyu amesema ni mzima mara mbili." Tangu hapo hujaandika. Rubeni naye anapakua mizigo haraka na kuondoka kama anadaiwa. Mnadani watu wanasema benki imefungwa kwa kufuli ambalo si lenu, na kwamba wewe una mjomba Nakonde aliyekupa kazi dukani, na kwamba kuvuka mpaka ni hatua chache tu.

Bugalama alikuja Jumapili. Alikaa sana. Alisema meneja amekula ng'ombe wa bonde zima. Baba alichukua fimbo akaenda kukaa zizini, na mimi sijawahi kumwona baba akikaa kimya mbele ya Bugalama. Watu wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Naogopa huo mshindo.

Sikuombi unieleze kilichotokea. Nakukumbusha tu kwamba uliweka sahihi, na muhuri juu yake. Kama imekufa, imekufa, vitu hufa. Lakini ilete ngozi. Ukivuka bila kuileta, mimi nitaolewa kwa Bugalama, na mbaya zaidi nitaamini kwamba ulikula.

Kabula


Tunduma,
3 Desemba 2001

Mzee Mabula,

Shikamoo. Kabula, safari hii soma yote kwa sauti, usiruke hata neno.

Mzee, benki imekufa. Msimu uliopita tuliwakopesha wanunuzi wa kahawa kuliko ilivyofaa, na mkubwa wao alikuwa mwenyekiti wetu. Walinunua kwa bei ya juu, wakaijaza ghalani wakingoja ipande zaidi. Ikashuka, ikaendelea kushuka mpaka gunia likawa na thamani kuliko kilichomo. Kukopa harusi, kulipa matanga. Wengine wanasema Bwana Ferdinand kakimbilia Lusaka. Hakukimbia. Yuko kwake Itaka anaumwa, nilikwenda kumwona, tukalia wote wawili kama watoto. Lakini mimi ndiye niliyeidhinisha mikopo ile. Niliona wazi kwamba mayai yote yako kapu moja, na wewe ulikwishanifundisha kwamba ng'ombe hawalazwi zizi moja. Nilikusikia, sikukuelewa.

Wakubwa wa serikali walikuja kutoka Dar es Salaam wakaifunga. Jengo limeuzwa, na fedha yake imelipwa kwa wenye akiba ndogo ndogo. Ninyi wenye akiba kubwa mmepata karatasi tu za ahadi. Mwezi wa tano niliandika kwamba benki ni nzima huku nikijua inakata roho. Niliogopa kukupoteza wewe, na niliogopa kumpoteza mwandishi wako. Kazi ya Nakonde ni kweli. Mzigo niliufunga kabisa, nikafika mpaka kwenye kizuizi, askari wa mpakani akaniuliza naenda wapi. Nikarudi.

Mlango nimeununua kwa mshahara wangu wa mwisho. Naushusha bondeni kwa lori la Rubeni mpaka barabara itakapokomea, kutoka hapo nitautia kwenye mkokoteni. Ndiyo ngozi pekee iliyobaki. Naileta mwenyewe. Sitaomba kitu kingine chochote.

Nikodemo, aliyekuwa Meneja


Msangano,
19 Januari 2002

Kwa Nikodemo, Hasamba
Kwa mkono wa Rubeni, ambaye sasa amerudi kuzungumza

Mwanangu,

Tangu uondoke hatujapata amani kwa wageni. Ulishangaa mwenyewe siku ile ulipotokea njiani na watu nyuma yako. Walioona mkokoteni Chitete waliufuata, wa Kamsamba wakasikia wakaja, na kila mtu alikuwa anasema neno moja: analeta ngozi, analeta ngozi. Bugalama alikuja kukucheka. Ulipoushusha ule mlango na mabega yako hayo ya fimbo ya kuchungia (safari hii Kabula ameandika, nimesimama juu yake), ukasimama ukanitazama usoni mbele ya watu wote, Bugalama alikuwa wa kwanza kuvua kofia. Sijui alijua kama ameivua.

Nitasema ukweli, mali yangu imeniuma. Ulipoondoka nilinuna, sikula. Madume yale niliyalea tangu yakinyonya. Lakini ngozi ikishafika maneno yamekwisha, na mimi sitakuwa mtu wa kwanza kuyafufua. Nimekunywa nawe maji. Imekwisha.

Mlango nimeutia kwenye zizi la ndama. Umeenea vizuri, na maandishi yako yameelekea nje. Ndama sasa hawatoroki, wanalala ndani ya Benki ya Mlima na Bonde. Jumamosi wenzangu bado wanakuja kuutazama, kwa mazoea, na mimi ndiye ninayetoa sukari.

Jambo la furushi. Ulipiga magoti ukaniambia kwamba mlituonyesha wote furushi moja, ukalia. Nilikunyamazia ili nisikucheke mbele ya watu. Wewe mtoto, mimi ninamtambua ng'ombe wangu gizani kwa kukohoa kwake. Unadhani nilishindwa kutambua furushi langu? Ziara ya pili tu nilijua. Tuliongea njiani tukirudi, tukacheka mpaka Rubeni akasimamisha lori. Tuliendelea kuja kwa sababu ulikuwa unafungua. Mtunzaji asiyechoka kufungua zizi si mwizi. Tulikuja kukutazama wewe.

Tena kuna jambo la pili. Mimi sijui kusoma, lakini najua ninapomaliza kusema. Miaka minne mimi nanyamaza, kalamu inaendelea. Na nikisomewa barua zako, macho ya msomaji yanafika chini ya karatasi, mdomo umefungwa, mashavu yanacheka. Mliniona mjinga? Niliwaacha kwa sababu na mimi niliwahi kuwa kijana.

Sasa fungua masikio. Rubeni anakuletea mtamba mwekundu. Huko Hasamba majani yapo, na umefanya vyema kurudi kwenu, ng'ombe avunjikapo guu hukimbilia zizini. Ule ukanda ulionirudishia nimemvisha shingoni. Masharti ni yale yale. Maziwa ni yako. Ndama wa kwanza ni wangu, na wa pili ni wangu. Wa tatu nitakuachia, umlee, halafu uniletee awe mwanzo wa mahari. Bugalama anasema hakuna mtu aliyewahi kulipwa mahari kwa ng'ombe wake mwenyewe. Nimemjibu kwamba hajawahi kuwa na benki.

Harusi haitangoja ndama. Mchungaji ameshaulizwa, ni baada ya mavuno ya mpunga.

Baba yako,
Mabula

Mwandishi naongeza: Baba ameamuru kwamba maneno yangu ya chini, safari hii, niyasome kwa sauti kabla ya kufunga bahasha. Wamekaa wote, mama, shangazi, Rubeni na koti lake, hata Bugalama hajaondoka. Basi nasoma, nao wanasikia: nimekubali.
Kabula